Tiketi Inayopita Mlangoni Kwake

Wengine hufungua siku kwa chai. Mama Fomu hufungua siku kwa kugombana na kalamu. Kila asubuhi, kabla geti la mpakani halijainuliwa, huketi kwenye benchi lake chini ya turubai la bluu, huzijaribu kalamu zake nne moja baada ya nyingine mgongoni mwa kiganja, na ile inayogoma huisema kama mtoto mvivu.

"Leo hutaki kazi? Basi na mimi sikubebi."

Huipulizia pumzi ya moto, huisugua kwenye soli ya kandambili, na mara nyingi kalamu hutii. Mwenyewe husema watu na kalamu ni mamoja, wakipashwa moto kidogo hutoa wino.

Hilo jina hakuzaliwa nalo. Walimpa madereva wa malori, na sasa hata mumewe, fundi wa matairi, humwita hivyo hivyo mbele za watu. Kwa miaka ishirini na miwili amewajazia fomu za kuingilia wasafiri wa barabara: wasiojua kusoma, wanaojua lakini miwani wameiacha chini kabisa ya begi, na wale waliosoma vizuri tu ila wakiona visanduku vidogo mikono huanza kutetemeka. Hawa wa mwisho ndio wengi, na ndio wanaojidai kuliko wote. Meza yake ina miguu mitatu ya mbao, na wa nne ni bunda la fomu zilizoharibika, limefungwa kwa mpira wa tyubu aliouchana mumewe. Meza haiyumbi. Makosa ya watu yakipangwa vizuri nayo husaidia kubeba.

Mwenye kukaa mbele ya meza hiyo hupata fomu na hupata masomo. Kisanduku kitupu ni ugomvi, atakwambia, bora uandike "hakuna" kuliko kumwachia afisa nafasi ya kufikiri. Na kubwa kuliko yote ni hili la kutoka. Mtu haingii kwa watu kabla hajaonyesha atatokea wapi. Ukifika dirishani kwa miguu, basi umeliacha nyuma likikaguliwa, afisa hana cha kujua kama unapita au umekuja kuota mizizi. Karatasi ndiyo itakayokusemea.

Jumatano moja, akiwa amevaa gauni lake la safari na viatu vya kufunga, alimkalisha kitako kijana mmoja mfanyabiashara wa vioo vya simu.

"Tiketi ya kurudi iko wapi?"

"Nitakata nikifika, mama."

"Utakata nini ukifika, majani? Nenda kwa wakala pale ukate sasa hivi, halafu urudi. Mimi siandiki fomu ya mtu asiyekuwa na mlango wa nyuma."

Kijana alikwenda akinung'unika. Na Mama Fomu akafunga meza mapema, maana siku hiyo alikuwa na safari yake mwenyewe.

Alikuwa anakwenda kwa dada yake mkubwa, aliyeolewa ng'ambo, mwendo wa saa saba kwa basi. Huyu dada ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemfundisha herufi kwa kijiti juu ya majivu ya jikoni, na akikosea alimwambia afute kwa mkono ule ule uliokosea, mpaka vidole vikawa vyeupe. Sasa mtoto wa jicho alikuwa amemtia giza macho yote mawili. Walikuwa wamemfanyia upasuaji, na bandeji zingefunguliwa Alhamisi, saa tatu asubuhi.

"Uso wa kwanza kuuona sitaki uwe wa daktari," dada alisema kwenye simu. "Nataka wako. Usipofika nitafumba macho mpaka uje, na hapo hospitali watanifukuza."

Basi la kwenda kwa dada ni moja tu kwa siku. Huondoka saa sita mchana kamili, kwenye stendi iliyo nyuma ya geti la pili. Ukilikosa la Jumatano, unafika Alhamisi jioni, bandeji zikiwa jalalani na dada amekwisha kuuona ulimwengu kuanzia kwa daktari.

Mumewe alimsindikiza mpaka geti la kwanza, mikono ina grisi, begi kalibeba kwa kiwiko.

"Hujasahau kitu, mke wangu?"

"Mimi? Mimi ndiye ninayewakumbusha watu wote wanaopita hapa."

"Nimeuliza tu."

"Basi umejibiwa tu."

Dirisha la kutokea halikuwa na taabu. Karani wa pale wamekunywa naye chai miaka na miaka. "Leo nani kakujazia fomu, Mama Fomu?" aliuliza. "Mwenye akili," akajibiwa, na muhuri ukagonga. Akavuka ile nafasi iliyo katikati ya mageti mawili, ardhi isiyokuwa ya mtu, ambako huwa hakuna kitu isipokuwa mbuzi na mikokoteni.

Dirisha la kuingilia, ndipo alipokuta sura ngeni. Afisa kijana, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate, ana wiki tatu tu kazini hapo. Maafisa wa zamani wote walikuwa wamehamishwa kwa mkupuo mmoja. Kijana akaisoma fomu polepole, kidole kikifuata kisanduku hadi kisanduku. Mama Fomu alipenda. Hivyo ndivyo fomu inavyotakiwa kusomwa.

"Sababu ya safari," afisa akasoma. "Kuonwa?"

"Ndiyo."

"Watu huandika kuona ndugu."

"Mimi namwona kila siku kwa moyo. Yeye ndiye hajaniona miaka mitatu. Kesho wanamfungua macho. Endelea, mwanangu, basi langu la saa sita."

Kidole kikaendelea. Kilipofika kwenye namba ya simu kikasimama. Afisa akamtazama usoni, akavuta droo, akatoa bunda la fomu lililobanwa na kibanio, na karatasi moja iliyoandikwa mistari kwa rula.

"Namba hii naijua," akasema. "Katika wiki tatu, watu thelathini na mmoja wameingia hapa na namba hii moja. Wazee, wajane, vijana. Hawafanani, hawajuani, lakini simu yao ni moja. Wiki iliyopita niliipiga. Akapokea mwanamke, nikasema habari, akaniambia, 'Ya kuingia au ya kutoka? Sema upesi, nina foleni.' Kisha akakata."

Mama Fomu aliikumbuka simu ile. Alidhani ni mteja.

"Ni mimi," akasema.

"Najua sasa kwamba ni wewe. Utakaa kwenye kiti kile umsubiri mkuu wangu. Anafika saa nane."

Saa ya ukutani, juu ya kichwa cha afisa, ilionyesha saa nne na nusu. Mama Fomu akakiona kiti, akaiona saa nane, na akamwona dada yake kakaa kitandani, kafumba macho kwa ubishi, daktari kamsimamia kichwani. Mtu mwingine angelia. Yeye akafungua begi, akachimba chini ya nguo, akatoa daftari la mistari lenye jalada lililoliwa pembe, akalibwaga juu ya kaunta.

"Wasio na simu nitawaandikia nini?" akauliza. "Kisanduku kiachwe wazi? Zamani palikuja mzee hapa, akaugua njiani, wakamrudisha mpakani. Mfukoni hana kitu, kwenye fomu hana namba, hakuna anayejua ni wa nani. Alikaa kwenye benchi langu siku mbili, nikimlisha uji kwa kijiko, mpaka akapita mtu wa kwao kwa bahati. Tangu siku hiyo, asiye na simu anachukua yangu, na yeye namwandika humu. Chagua fomu yoyote katika hizo zako. Yoyote. Uniulize."

Afisa alichomoa ya katikati, kama mtu anayecheza karata na tapeli. "Tarehe tisa. Mwanamume, miaka sitini na mmoja."

Mama Fomu akalamba kidole, akafungua kurasa. "Seremala mstaafu. Kidole gumba cha kushoto hakina ukucha. Anakwenda kwa binti yake mwalimu, nyumba ya pili kutoka tangi la maji. Likitokea la kutokea, apigiwe jirani mwenye duka, namba yake hii hapa. Siku kumi. Karudi juzi, kanyoa ndevu, nusura nisimjue."

"Umejuaje kama karudi?"

"Wote wanaorudi hupita mbele ya benchi. Akirudi namkata mstari. Si unauona?"

Mstari ulikuwepo, mweusi, umenyooka. Afisa akachomoa fomu ya pili. Huyo alikuwa mjane mwenye raba za kijani aliyekwenda kuhani msiba kwa shemeji yake, na alikwisha kukatwa mstari. Ya tatu, vilevile. Akaacha kuchomoa, akageuza daftari upande wake, akaanza kuhesabu mwenyewe, midomo ikicheza.

"Ishirini na sita wamerudi," akasema mwishowe.

"Na watano bado wako ndani ya siku zao. Wa kwanza wao anatakiwa Jumamosi. Asipotokea nitampigia yule jirani nimtukane."

Afisa aliegemea kiti. Alikuwa na kompyuta mbele yake iliyojua nani kaingia, lakini habari za waliotoka humfikia mwisho wa mwezi. Bibi huyu, kwa kalamu ya kusuguliwa kwenye kandambili, alikuwa anazijua siku hiyo hiyo. Akabana zile fomu tena, akazirudisha drooni.

"Namba nimeielewa, mama. Samahani." Akaivuta pasipoti, akashika muhuri, akanyanyua mkono. Mkono ukabaki juu. "Sasa tiketi ya kurudi."

Hapo ndipo ulimi wa Mama Fomu ulipomsaliti kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili. Akapekua mkoba, tiketi hakuwa nayo. Kinyozi hajinyoi, na huyu alikuwa amefika dirishani na kichwa kizima cha nywele.

Si kwamba alizembea. Ng'ambo hii alikwisha kuivuka mara nyingi kuliko manyoya ya kuku. Lakini siku zote alikwenda sokoni tu, kwa kile kipande cha karatasi cha ujirani ambacho watu wa mpakani hupewa, asubuhi kwenda, mchana kurudi na vitunguu. Kutoka geti hadi mlangoni kwake ni hatua mia tatu. Mtu wa hatua mia tatu haulizwi atarudi na nini, na yeye alikwisha kusahau kwamba pasipoti si kipande cha vitunguu.

Nyuma yake kwenye foleni mtu akacheka. Ni yule kijana wa vioo vya simu, tiketi yake ameishika juu kama bendera.

"Mama, si utakata ukifika?"

"Nyamaza, wewe."

"Majani, mama?"

Foleni nzima ikacheka, na Mama Fomu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, alikubali moyoni kwamba amestahili. Akamgeukia afisa, akanyoosha kidole dirishani.

"Lile turubai la bluu unaliona? Pale ndipo kazini kwangu. Paa lile lenye matairi juu ndiyo nyumba yangu, na yule mwanamume aliyeshika kiuno ni mume wangu, ananitazama nikiumbuka. Nitarudi pale kwa miguu."

"Miguu haina tarehe, mama."

"Mwanangu..."

"Wewe mwenyewe, mtu akija bila tiketi, ungemjazia fomu?"

Angeweza kusema uongo. "Ningemfukuza benchini," akasema.

"Basi?"

"Basi una haki. Nipe muda, usiifunge fomu yangu."

Saa tano kasoro. Ofisi ya basi la saa sita iko stendi, nyuma ya geti, na huwezi kuingia kukata tiketi ya kutoka kama huna tiketi ya kutoka. Kurudi nyuma napo, alikwisha kugongewa muhuri: ili akae tena kwenye benchi lake ingembidi ajaze fomu ya kuingia kwao. Hayo yote aliyajua kuliko karani yeyote, na ndiyo maana hakupoteza hata dakika kubishana nayo. Akatoka hadi katikati ya ile ardhi isiyokuwa ya mtu, akasimama kati ya mbuzi, akaita.

"Breki! Breki, simama!"

Breki ni mchukuzi wa mkokoteni, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyeitwa hivyo kwa sababu mkokoteni wake hauna. Kibali chake kinamruhusu kuvuka mageti yote mawili kutwa nzima.

"Nikisimama ghafla mzigo utanipita, shemeji!" akajibu, akapunguza mwendo kwa kisigino mpaka vumbi likatulia. "Wewe si umeondoka?"

"Nimeondoka, sijafika. Chukua hela hii, kimbia kwa Kaka Dirisha, mwambie nataka tiketi ya kutoka kwa dada hadi hapa. Ya Jumatano ijayo. Kimbia kama hujabeba kitu."

Kaka Dirisha ni wakala, upande wa kwao, wa basi kubwa la masafa marefu linalopita mpakani likitoka ng'ambo, na jina lake ni kwa kuwa kila abiria humwahidi kiti cha dirishani. Haikupita robo saa, simu ya Mama Fomu ikalia. Ni yeye.

"Dada yangu, kuna tatizo dogo. Mpakani si kituo kwenye vitabu vyetu. Basi linasimama pale kugonga mihuri tu. Naweza kukuandikia mji wa mbele."

"Mji wa mbele ni mwendo wa saa tatu kupita nyumba yangu!"

"Ndiyo."

"Nikafanye nini kule? Sina hata adui kule."

"Utashukia kwako, mihuri inapogongwa. Tiketi itaendelea yenyewe."

"Yaani nilipie safari ya kupita mlangoni kwangu, ili niaminiwe kwamba nitarudi mlangoni kwangu."

"Dada, wewe ndiye uliyetufundisha. Karatasi ndiyo inayosema."

Maneno yake mwenyewe yalimuuma kuliko nauli. "Andika," akasema.

"Nakupa cha dirishani."

"Basi lako lina madirisha mangapi, wewe? Andika upesi!"

Kisha akasubiri. Mbuzi mmoja alikuja kuunusa mkoba wake. Upande wa kwao mumewe aliinua mikono miwili kuuliza kulikoni, naye akainua mmoja kumjibu nyamaza. Upande wa pili, basi la saa sita lilikuwa limekwisha kuwashwa, na moshi wake ukawa unapanda juu ya ukuta. Saa tano na nusu. Saa tano na dakika arobaini. Ndipo mkokoteni ukatokea getini mtupu, unaruka mashimo, na Breki nyuma yake, tiketi kaibana kwa meno ili mikono ibaki kuongozea.

"Ina mate kidogo," akasema.

"Mate si kosa kisheria. Mungu akubariki, shemeji."

Afisa aliisoma tiketi kama alivyosoma fomu, neno kwa neno. Tarehe ililingana na siku saba alizoandika kwenye fomu. Jina lililingana na pasipoti. Alipofika kwenye mji, akauangalia mji, akaliangalia turubai la bluu kule dirishani, akamwangalia mama. Midomo ilimcheza. Muhuri ukashuka.

"Mama," akamwita alipokuwa ameshabeba begi. "Hawa watano waliobaki, wakirudi wakati wewe hupo, nani atawakata mstari?"

Hilo Mama Fomu hakuwa amelifikiria. Alisimama, moja ya mara chache katika asubuhi ile alizosimama kwa hiari yake. Kisha akaliweka daftari juu ya kaunta.

"Wewe. Wote wanaorudi hupita mbele ya dirisha hili. Una kalamu?"

Afisa alimpa yake, nzuri, ya ofisi. Mama akaijaribu mgongoni mwa kiganja. Ikakwaruza.

"Hii itagoma Ijumaa. Shika yangu. Ikileta kiburi, isugue kwenye soli ya kiatu. Na mstari unyooke, tafadhali, watu si makosa."

Akakimbia. Kondakta alikuwa amekwisha kufunga mlango, ikabidi aupige bati kwa kiganja chenye wino, lakini alipanda.

Alhamisi saa tatu asubuhi, katika chumba cha vitanda sita chenye harufu ya spiriti, daktari alifungua bandeji mzunguko kwa mzunguko, akatoa pamba, akamwambia dada afungue macho taratibu. Mama Fomu alikuwa amejisogeza karibu kiasi kwamba daktari alilazimika kufanya kazi ubavuni.

Dada akafumbua. Akapepesa. Machozi yakamtoka kidogo, ya dawa au ya nini haikujulikana. Akamtazama mdogo wake muda mrefu, kuanzia nywele hadi kidevu, kama anayekagua mboga sokoni.

"Umezeeka," akasema.

"Nawe umepona," akajibu Mama Fomu.

Wakacheka wote wawili mpaka daktari akawaonya. Akataka kumpima, akaomba apewe kitu chochote chenye maandishi. Kilichokuwa karibu ni tiketi, imechomoza kwenye mkoba, pembeni ina alama za meno. Mama Fomu akaishika mbele ya uso wa dada yake, mkono umenyooka, kama dada alivyokuwa akikishika kile kijiti juu ya majivu.

"Soma," akasema. "Na usikisie."

Dada akakunja paji la uso. Akasoma tarehe. Akasoma jina la mdogo wake lote, herufi kwa herufi, bila kukosea hata moja. Akasoma mji wa kutokea, uliokuwa wake. Kisha akafika kwenye mji wa mwisho, akausoma, akarudia, akashusha macho yake mapya akamtazama mdogo wake kwa mashaka.

"Huku unakwenda kufanya nini? Una mtu kule?"

"Lala chini, dada," akasema Mama Fomu, akivuta kiti. "Nina kisa cha kukuhadithia, na mjinga wa kisa chenyewe ni mimi."